Bakuli Lililorudi Limejaa

Tulipogawana vitu vya Mama, mdogo wangu alichukua redio na viti, shangazi akachukua vitenge, nami nikaomba kongelateri, lile sanduku lake la kugandishia chakula. Walinitazama kana kwamba nimeomba ukuta wa nyumba. Ni ya zamani sana, kifuniko kimepinda, kutu imekula miguu, na ikiguruma husikii mtu anayezungumza nawe chumba hicho hicho. Mdogo wangu, ambaye hana subira na vitu vizee, alisema heri aninunulie mpya kuliko kuwasumbua vijana wa mkokoteni kuisukuma kutoka mtaa wa Saio hadi kwangu. Nikamwambia mpya siitaki.

Ilipofika niliinua kifuniko, na kabla sijaona chochote nikakutana na harufu. Mawese yaliyoganda, kitunguu, samaki wa chumvi, na ubaridi wenyewe, maana ubaridi nao una harufu yake. Nikahisi uso unawaka. Nina watoto wakubwa, nina mvi, vijana wananipisha kwenye foleni, lakini nilisimama pale na aibu ya mtoto wa darasa la tatu, ile inayoanzia masikioni. Wenzangu wa rika langu, mliokulia Bunia wakati bunduki zilikuwa zimenyamaza bila mtu yeyote kuahidi kwamba zitaendelea kunyamaza, mtanivumilia nikiwaambia aibu hiyo ilitoka wapi.

Kongelateri ilitufikia siku zile mashirika ya wageni yalipoanza kufunga nyumba zao mjini na kuuza kila kitu: vitanda, mapazia, hata vijiko. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, alienda kutafuta kabati la vitabu. Alirudi akitembea nyuma ya mkokoteni uliobeba sanduku jeupe, refu, ambalo mtu mzima angeweza kulala ndani. Majirani walitoka milangoni. Ubavuni mwake kulikuwa na picha ndogo ya buluu ya kitu chenye miguu sita, alama ya barafu kama nilivyokuja kujua, na mimi nikawaeleza watoto wote wa jirani kwamba ni buibui na kwamba wazungu wanafuga buibui kwenye baridi. Walioniamini walikuwa wengi, kwa hiyo nilijiona msomi.

Mama alikuwa mchuuzi wa samaki. Mwanzo wa juma alipanda lori asubuhi na mapema, akateremka mlima hadi Kasenyi, akanunua samaki kando ya ziwa, na kurudi Alhamisi na matenga yake yakinuka kote kote. Siku hizo tulibaki na Baba. Baba alikuwa mtu mwema sana na mpishi mbaya sana. Alichemsha kila kitu mpaka kikapoteza rangi, kisha akatuambia tule haraka kabla hakijapoa. Mama alirudi akakuta tumekonda na makala, yale makaa ya jiko, yamekwisha, na kilichomuuma zaidi, nadhani, kilikuwa makala. Alitoka Butembo, na kwao hata kibiriti hakiwashwi bila sababu. Alikuwa akizima jiko kwa majivu ili vipande vilivyobaki vitumike kesho yake.

Kwa hiyo alipolitazama lile sanduku jeupe, aliona kile ambacho Baba hakukiona. Moto mmoja mkubwa Jumamosi, siku ambayo wazee wetu bado waliiita siku ya posho, halafu juma zima bila kuchemsha maharagwe tena. Umeme, ambao sisi tuliuita kuran, ulikuja jioni na kuondoka asubuhi, siku zile ulizopenda kuja. Kongelateri ingeweza kushikilia baridi mchana kutwa ikiwa imefunikwa blanketi mbili na hakuna mkono wa mtu uliogusa kifuniko. Ilifunguliwa mara moja tu, alfajiri, kutoa chakula cha siku hiyo. Hapo ndipo akili yake ilipofanya kazi. Mfuko wa Ijumaa ulilala chini kabisa, wa Jumatatu juu, na kila mmoja ulifungwa kwa kitambaa chembamba alichokichana kwenye masalio ya vitenge: chekundu kilikuwa cha maharagwe, cha kijani cha sombe, yale majani ya muhogo aliyoyatwanga mwenyewe na kuyapika kwa mawese, cha buluu cha samaki. Baba alichopaswa kufanya ni kutoa mfuko wa juu, kuuweka ndani ya beseni, na kuupasha moto mchana. Bugali nilisonga mimi, nikiwa nimesimama juu ya kigoda.

Tatizo lilikuwa sufuria. Mama hakuwa na sufuria kubwa, lakini alikuwa mtunzaji wa zile mbili za kikundi cha wamama wa kanisa letu, na kikundi hakikumkataza kuzitumia kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mtu angetaka. Kila mtu Saio alizijua. Zilitoka kwa harusi na kwa matanga, na miaka ile tuliona matanga mengi kuliko harusi. Jumamosi ya kwanza nilitoka kwenye mazoezi ya kwaya, nikaona moshi, nikaona sufuria zile mbili zimekaa juu ya mawe uani kwetu, nikaanza kukimbia huku nalia.

“Nani alikufa? Mama, nani alikufa?”

Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta. “Hakuna mutu alikufa, weye. Leo tunapikia wenye wako wazima.”

Tulikula vizuri mwaka ule, hilo lazima niliseme. Lakini tulikula kwa aibu ndogo ndogo. Watoto wa jirani walijua ratiba yetu kuliko sisi. “Neema, leo ni mardi, kwenu ni sombe!” walinipigia kelele njiani Jumanne, na kila siku walikuwa sahihi, ndiyo maana iliuma. Waliniita Neema Barafu. Watu wazima nao hawakuacha. Walisema mwalimu anakula chakula cha juma lililopita, walimwona mchana akiinama juu ya jiko na mwiko mkononi, wakacheka nyuma ya kuta. Baba hakujali. Aliwajibu kwa sauti ya darasani: “Bibi yangu iko Kasenyi na bado ananipikia. Ninyi wenu wako hapa, na munalala njaa.” Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Halafu Jumatatu moja, Mama akiwa amekwisha kufunga kitenge chake cha safari, tulisikia kilio kutoka nyumba ya pili. Fundi Matayo, seremala aliyetengeneza meza yetu, viti vyetu na milango yetu, alikuwa ameamka mzima, akaomba maji ya kunawa, akaanguka. Hakuwa mzee. Alimwacha mkewe, Mama Esta, na watoto wadogo ambao walikuwa wamesimama mlangoni bila viatu. Nyumba ya msiba haiwashi moto, mnajua. Ni majirani wanaoleta chakula, na siku ya kwanza chakula huchelewa, kwa sababu kila mtu bado analia na hakuna aliyekumbuka kuloweka maharagwe.

Mama aliweka chini mfuko wake wa safari. Alitoa blanketi, akainua kifuniko mchana kweupe kinyume cha amri yake mwenyewe, na kuanza kutoa mifuko yote.

“Yote?” Baba aliuliza. “Na siye?”

“Siye tuko wazima. Tutakula bugali na chumvi.”

Kabla jua halijafika utosini, waombolezaji waliotoka mbali walikuwa wanakula maharagwe, sombe na samaki, vyote vya moto, vya kutosha kila mtu. Mama alipakua kwenye bakuli lake la enameli lenye maua mekundu pembeni, lile alilokuja nalo kutoka Butembo, na watoto wa Mama Esta walikula ndani yake mpaka wakalala palepale. Mimi nilikuwa nashika birika la kunawia watu mikono. Kwa mara ya kwanza tangu tuwe na lile sanduku, nilijivunia mama yangu. Sikufanikiwa kujivuna kwa muda mrefu.

Nilikuwa nammwagia maji Mama Dorcas, mkuu wa kikundi cha wamama, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri ya kuongoza nyimbo. Hakuwa ananitazama. Alimwinamia mwenzake na kusema polepole: “Alijua aje?”

“Nani?”

“Mama Neema. Sufuria ya matanga aliwasha siku ya posho. Siku ya kwanza, mutu anakufa, chakula iko tayari. Alijua aje kama mutu atakufa?”

Mwenzake aliacha kunawa. Nilisimama na birika limeinama, maji yakimwagika vumbini, mpaka Mama Dorcas aliponiona na kuniambia niende kujaza tena.

Sitaki kumfanya Mama Dorcas kuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika watoto wawili wakati wa vita, na mtu wa namna hiyo anatafuta sababu popote. Sote tulikuwa tunatafuta. Watu walikuwa wamekufa mji mzima bila mtu kueleza kwa nini, na sasa, wakati tunaambiwa ni amani, mtu mzima anaomba maji ya kunawa na kuanguka. Lakini mimi sikujua hayo. Nilijua tu kwamba mkuu wa wamama, anayesali kuliko wote, ameuliza swali, na kwamba swali lake lilikuwa na akili. Mama alijua aje? Nikaanza kukumbuka. Jumamosi ile alipika nyingi kuliko kawaida. Alisema anaweza kuchelewa Kasenyi. Kwa nini alifikiri atachelewa? Na kabla ya hapo, yule bibi wa kona ya barabara alifariki siku gani? Mtoto akianza kupanga mambo namna hiyo, kila kitu kinaingia mahali pake. Nilikuwa nimepata ukweli: watu hawafi ovyo. Mama anapika, na juma linalofuata mmoja anaondoka. Labda si yeye anayeua. Labda anaambiwa tu, na wema wake ni kuandaa chakula.

Na Baba alikuwa anakohoa. Ilikuwa vumbi la chaki, alikohoa maisha yake yote, aliishi hadi akawa mzee kabisa. Lakini juma lile nilimsikia kila alipokohoa. Nilimfuata hadi chooni. Alidhani nina minyoo.

Jumamosi iliyofuata sufuria zikawekwa tena juu ya moto, na wamama wa kikundi wakaja kuzichukua. Walikuwa watatu, Mama Dorcas mbele. Walikuja kwa heshima, wakakaa uani kwenye viti alivyotengeneza marehemu, wakauliza habari za watoto na habari za shule. Kisha Mama Dorcas akasema: “Mama Neema, hatukukuja na mubaya. Lakini ile sufuria ni ya kikundi. Watu wanasema. Afazali irudi kanisani.”

Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, nachambua vile vitambaa vya kufungia, na niliona mgongo wa Mama ukinyooka. Halafu akafanya kitu ambacho bado nakishangaa. Hakukasirika. Aliwashika mkono, akawaingiza ndani, akainua kifuniko cha kongelateri, akawaonyesha. Aliwaeleza yote: Kasenyi, lori, Alhamisi, blanketi, moto mmoja badala ya saba.

“Papa yao anajua tu kuchemusha maji,” alisema. “Na ile maji yenyewe, anaiunguza.”

Wakacheka. Mmoja akagusa barafu na kutoa kidole haraka. Mama Dorcas akauliza kama maharagwe hayapotezi ladha, na kama samaki hawanuki, maswali ya mtu aliyekwisha kuanza kuwaza jikoni kwake. “Makala inatuua, kweli,” alisema. Mama akaona mlango umefunguka. Akawapakulia maharagwe kutoka kwenye sufuria yenyewe, ndani ya lile bakuli la maua, na Mama Dorcas akala kijiko, akala cha pili.

“Iko tamu.”

“Tunaweza kufanya pamoja,” Mama alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, nyepesi, ya msichana. “Kila mama analeta maharagi yake, tunawasha moto moja. Kongelateri iko kubwa.”

“Kumbe tuliogopa bure,” Mama Dorcas akasema, na alikuwa anaanza kucheka.

Nilitoka nyuma ya pazia wakati huo. Nilikuwa na vitambaa mkononi, chekundu, cha kijani, cha buluu, na nilikuwa nimekaa na hofu yangu juma zima mpaka ikanizidi. Nilitaka kujua tu. Kama ningejua, ningeweza kumficha Baba, au kumwomba Mama apike kidogo. Nikauliza kwa adabu kabisa, kama tulivyofundishwa kuuliza mbele ya wageni.

“Mama, juma hii ni zamu ya nani? Si Papa?”

Hakuna aliyeniuliza ninasema nini. Wote walielewa mara moja. Mama Dorcas aliweka bakuli chini, si juu ya meza, chini kwenye sakafu, na akafuta mdomo kwa upande wa ndani wa kitenge chake.

“Mutoto anasemaka yenye anasikia kwao,” alisema.

Waliomba sufuria zimwagwe. Maharagwe yalikuwa bado yanachemka. Mama aliyahamisha kwenye mabeseni, kwa kikombe, taratibu, bila kumwaga hata punje, na wamama wakasimama wakingoja. Kisha wakazisugua wenyewe kwa mchanga, pale pale uani kwetu, wakasugua sana, wakaziinua kichwani na kuondoka. Mmoja alisema asante.

Mama aliniuliza nani aliniambia. Nikamwambia kila kitu, birika, maji, swali.

“Na weye uliamini?”

Niliitikia kwa kichwa. Alichukua vile vitambaa mkononi mwangu, akavinyoosha juu ya goti lake, akaanza kuvikunja kimoja kimoja. Hakunipiga wala kunigombeza. Baadaye alisema kosa si langu, mimi ni mtoto, nilisikia kwa watu wazima. Nadhani alilisema ili nilale. Nililala, lakini toka siku ile sijapata kulisikia neno kosa bila kuiona mikono yake ikikunja vitambaa.

Baba ndiye aliyeogopa. “Siye ni watu wa kuja,” alimwambia Mama. “Neno kama hii, mu muji hii, inaweza kuchoma nyumba.” Hakuwa anatia chumvi. Wote tuliijua mitaa ambayo ilikuwa imeungua kwa neno dogo kuliko hilo. Wakaizima kongelateri. Ikawa ghala la unga, baadaye la viatu vya shule. Mama akaacha kwenda Kasenyi, maana nani angetulisha, akawa ananunua samaki sokoni kutoka kwa wanawake waliokwenda badala yake, na kuwauza tena kwa faida ya kubabaisha. Samaki kwetu wakawa wadogo, halafu wakawa wachache. Tulirudi kula jioni sana, baada ya yeye kutoka sokoni na kupuliza jiko.

Hayo yote ningeyamudu. Kisichomezeka kilikuwa bakuli. Kila msiba, kila sikukuu ya kanisa, Mama alipika sehemu yake kama wamama wengine. Alipika siku hiyo hiyo, uani, mbele ya njia, ili kila apitaye aone kwamba moto ni wa leo na sufuria ni ndogo. Alipakua kwenye bakuli la maua mekundu, akalifunika kitambaa cheupe, akaliweka mezani katikati ya mengine. Watu walipita na sahani zao. Walichukua kushoto, walichukua kulia. Hakuna aliyesema neno baya, walimsalimia vizuri sana. Mwisho wa karamu mabakuli yote yalikuwa matupu, yamekwanguliwa, na letu limejaa, limefanya utando juu.

Mimi ndiye niliyelibeba kulirudisha nyumbani. Bakuli lililojaa ni zito, na kila mtu anaona uzito wake kwa namna unavyotembea. Nikajifunza kutembea nalo kana kwamba ni tupu. Nililishika kwa mkono mmoja, nikawa nalitikisa kidogo, nikaimba, huku kiganja kinawaka na mchuzi unanichuruzikia kwenye kiwiko. Sijui nilimdanganya nani. Nyumbani Baba alikaa mezani na kusugua mikono. “Leo tuna bahati,” alisema kila mara. “Mama alipika nyingi.” Tukala chakula kile ambacho watu walikikataa, na kilikuwa kitamu, na hatukutazamana.

“Mama, tuache kupeleka,” nilimwomba siku moja.

“Kama mutu iko na njaa,” alijibu, “atakuta iko pale.”

Alikuja mtu mmoja tu, na hakuja kwa sababu ya njaa. Mama Esta, mjane wa fundi, aliingia kwetu siku moja na kifurushi kidogo. Ndani mlikuwa na vitambaa vya ile mifuko ya matanga, vimefuliwa, vimepigwa pasi. “Watoto yangu walikula siku ile bila miye kuwasha moto,” alisema. “Sikukushukuru.” Alikula kwetu, akamaliza. Lakini mjane asiye na kitu hasikilizwi na mtu, na haukupita muda ndugu zake wakamchukua kwao, upande wa Mahagi. Mama aliviweka vitambaa vile ndani ya Biblia yake.

Miaka ilikwenda. Tukakua, tukaoa na kuolewa. Baba akatangulia, mzee, akikohoa. Siku moja nikamtembelea Mama na kusikia mngurumo kutoka chumba cha nyuma: alikuwa ameiwasha. Wakati huo nusu ya wanawake wa Saio walikuwa na kongelateri na walipika chakula cha juma zima huku wakijisifu kwamba wao ni watu wa mipango. Hakuna aliyekumbuka nani alianza. Wageni wa mtaa walikula chakula cha Mama bila wasiwasi, ila wale wa zamani, mikono yao ilikuwa imezoea kuliruka bakuli lile. Niliwahi kujaribu kuzungumza naye juu ya siku ya sufuria. Nilianza kwa kuzunguka zunguka, kama mwoga nilivyo. “Siku gani?” aliuliza, akaniambia nimpe kitunguu.

Alifariki siku ya Jumanne, asubuhi, akiwa amekaa mlangoni. Nilipofika, uani palikuwa tayari pamejaa watu. Niliingia jikoni kutafuta maji, na mezani nikakuta beseni. Ndani yake kulikuwa na mfuko wa sombe, umefungwa kitambaa cha kijani kilichofifia, umeanza kulainika pembeni. Aliutoa alfajiri.

Nilifungua kongelateri. Mfuko wa kitambaa cha buluu ulikuwa juu, na chini yake mifuko iliyobaki, imepangwa hadi Ijumaa. Nje nilisikia watoto wa mtu wanalia njaa, na hakuna aliyekuwa amewasha moto. Nilijua nifanye nini na nikashindwa kunyanyua mkono. Niliogopa kile nilichokuwa nakiogopa tangu utotoni: kwamba nitalipeleka bakuli lake mbele ya watu, siku hii kuliko siku zote, na nitalirudisha limejaa.

Nyumba ya msiba au si ya msiba, nikapasha moto kila kitu. Nikasonga bugali, bila kigoda. Nikapakua sombe kwenye bakuli la maua mekundu, ambalo enameli yake ilikuwa imebanduka, nikatoka nalo.

Mama Dorcas alikuwa amekaa karibu na mlango, mwembamba sasa, fimbo katikati ya magoti. Aliinua kichwa.

“Ni nani alipika?”

Ningeweza kusema mimi. Ulimi ulikuwa umekwisha kwenda huko.

“Ni Mama,” nikasema. “Alipika siku ya posho.”

Alitazama bakuli. Kwa kweli sijui alikuwa anaona nini, mimi mtoto na vitambaa vyangu, au watoto wake, au fundi Matayo. Kisha akanyoosha mkono, nami nikachukua birika lililokuwa mlangoni nikammwagia maji.

“Lete,” alisema. “Weka hapa.”

Alikata tonge, akachovya, akala. Akala tena. Yule aliyekaa pembeni yake akasogea, na mwingine nyuma yake, na wale watoto waliokuwa wanalia. Mama Dorcas alilia na kutafuna kwa wakati mmoja, hakujificha. “Iko ingine?” aliuliza. Nikaleta samaki, nikaleta maharagwe. Walikula mpaka mfuko wa Ijumaa.

Nilipolichukua bakuli, lilikuwa jepesi hata nikakaribia kuliangusha. Lilikuwa limepanguswa kwa vidole, mistari ya mawese imebaki ndani, na ua moja jekundu la chini kabisa lilikuwa linaonekana, ua ambalo sikujua kama lipo. Niliingia nalo jikoni mbio, nalishika kwa mikono miwili, nikageuka nimwonyeshe Mama.